Papa wa Funguo na Theluji ya Kanada

Alikuwa na kipaji cha kujua Mmarekani ametokea nchi gani kabla hajafungua mdomo. Si nchi aliyozaliwa, hiyo imeandikwa kwenye pasipoti na haihitaji kipaji. Nchi aliyolala juzi. Alitazama tu begi linavyotua mbele ya kaunta. Likiwekwa polepole, mkono ukabaki juu yake, na mwenyewe akaanza kwa kuomba radhi kuhusu Kifaransa chake, huyo katoka Paris. Likitupwa chini kama la mtu aliyefika kwa shangazi yake, huyo katoka Ireland, ambako amekunywa na watu walioapa kwamba wanamfahamu babu wa babu yake. Aliyetoka Japani aliliegemeza ukutani lisimzuie mtu, kisha akatoa pasipoti kwa mikono miwili. Aliyetoka Ureno alikuwa ameungua pua na anauliza kama nyumba za huku nazo ni nzuri vile. Na aliyetoka kwetu Afrika Mashariki alikuwa na bangili ya shanga, na kila mtu kwake alikuwa rafiki, mpaka mashine ya kahawa.

Nilimwita Papa wa Funguo. Kwa zaidi ya miaka ishirini alisimama kwenye mapokezi ya hoteli moja ndogo, hatua chache kutoka uwanja wa Flagey mjini Brussels, na nyuma ya kichwa chake kulikuwa na ubao wenye ndoano kumi na nane za shaba, moja kwa kila chumba. Siku ya kwanza nilimwamkia Mzee, kwa adabu zote za Dar es Salaam. Akanijibu kwamba muzee nimemwacha nyumbani kwetu, yeye ni Papa, kama Wakongo wanavyomwita baba wa watu. Mimi aliniita Tanzanie, kama Wafaransa wanavyotamka, utadhani nchi nzima ilikuwa imetumwa pale kuosha vikombe.

Na kwa kweli nilikuwa naosha vikombe. Nilikuja Brussels kusomea shahada ya pili katika jambo ambalo leo nikilitaja watu hubadilisha mazungumzo, na asubuhi nne kwa wiki nilihudumia kifungua kinywa pale hotelini. Nilijiona ni mwanachuo anayechunguza maisha kwa muda. Papa aliniona ni mtu anayechelewa kupeleka mikate mezani. Miaka imepita, sasa ninaandika makala na kutafsiri, nina nywele chache na maoni mengi, na naona kati yetu wawili yeye ndiye aliyekuwa mchunguzi.

Nadharia yake ilikuwa hivi: hakuna nchi inayompokea Mmarekani. Kila nchi inapokea mtu inayemtaka, halafu inamvalisha Mmarekani nguo za huyo mtu. Ireland wanapokea mjukuu aliyepotea. Paris wanapokea mwanafunzi mzembe. Wajerumani wanapokea mtu atakayevuka barabara taa ikiwa nyekundu, na wanamsubiri avuke. Nchi iliyomshangaza kuliko zote ilikuwa Vietnam. Alisimulia mara nyingi habari za mgeni mmoja wa chumba cha tatu, mwanaume mwenye mvi aliyepigana kule akiwa kijana, akarudi uzeeni kutembea, kisha akapitia Brussels akielekea kwao. Kila asubuhi mgeni huyo alikaa mbele ya yai lake bila kuligusa.

"Ule muntu alienda kule ju bamutukane," Papa aliniambia. "Alitaka bamutukane, apumuzike. Bakamupa supu. Banamuuliza kama chumvi inatosha. Sasa atafanya nini?"

Ubelgiji je? niliuliza. Akasema Ubelgiji haimpokei mtu wala haimfukuzi, inampa namba ya foleni.

Mambo haya yote niliyaiba. Mhariri wa jarida moja la safari alitaka makala kuhusu nchi zinazowakaribisha Wamarekani na zile zinazowanunia, mimi nikayakusanya maneno ya Papa, nikayapigia pasi, nikayachapisha kwa Kiingereza kama uchunguzi wangu wa miaka mingi. Jina lake halikuwemo, wala kaunta yake. Wiki mbili baadaye nilipita kumsalimia, akaniambia bila kuinua macho kwamba pale kwenye Japani nimekosea, mgeni hainami akiingia, anainama akitoka. Nikaona haya kidogo, kisha nikajifariji kwamba mgeni fulani ndiye aliyemtafsiria. Yeye mwenyewe alikuwa amezoea kusema kwamba Kiingereza cha Amerika anakisikia tu, mambo ya karatasi ni kazi ya wenye diploma. Mimi ndiye mwenye diploma. Nilimwamini bila shida.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyokaa pamoja. Aliwacheka Wamarekani siku nzima, sauti zao, kaptura zao, barafu wanayoiomba kwenye maji ambayo tayari ni baridi. Lakini akijua kuna kundi lao linakuja, alinyoa ndevu mara mbili na kubadilisha tai. Alijua vituo vya treni vya Lisbon na mvua za Seoul, na yeye mwenyewe alikuwa hajavuka Ostend, alikokwenda Jumapili moja, akaitazama bahari, akasema haina maana, akarudi. Alikataa uraia wa Ubelgiji miaka yote, kwa sababu kuuchukua ni kuuacha wa Kongo, na alikuwa na kiwanja Bukavu alichosema hakiwezi kuwa cha mgeni. Hata hivyo akipiga simu kutafuta nyumba ya kupanga, alisema anatoka Martinique, kisiwa cha Karibi. Watu wa Martinique ni Wafaransa, na simu haioni uso. Nilimuuliza kama haoni aibu. Akasema aibu ni ya mwenye nyumba anayefurahi.

Hapo ndipo inaingia habari ya chumba cha kumi na moja.

Ilikuwa mwezi wa sita, miaka michache tu iliyopita, nami nilikuwa nimerudi kwa wiki chache kusaidia kifungua kinywa, wakati Wamarekani walipoanza kuomba radhi kabla hawajaulizwa kitu. Papa alisema zamani walifika wakiuliza vitu viko wapi, sasa wanafika wakieleza walimpigia nani kura. Mgeni huyo alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, na begi lake lilikuwa limeshonewa jani jekundu la Kanada. Alijitambulisha kwamba anatoka Kanada, akazungumzia Kanada dakika nzima, kisha akaombwa pasipoti, kwa kuwa kila mgeni lazima aandikishwe. Akaitoa. Tai wa Marekani alikuwa pale juu ya jalada, mabawa wazi. Papa akaifungua, akalinganisha jina na fomu, akatia alama yake ndogo ya penseli pembeni, akairudisha na ufunguo juu yake, akasema kwa Kiingereza chake cha kaunta: Karibu sana, bwana wa Kanada.

Kwa siku nne alimlea ndani ya uongo ule. Kila asubuhi akipita mezani, joto la Juni likitutoa jasho sote, alimuuliza kwa heshima kubwa: na kwenu Kanada, theluji imeanza? Mwalimu alijibu bado, labda wiki ijayo. Mimi nilikimbilia jikoni kucheka. Siku ya kuondoka mgeni aliweka ufunguo juu ya kaunta, akaungama, akasema amechoka kuonwa kama serikali yake. Papa akamwambia hata yeye kuna siku ni mtu wa Martinique. Wakashikana mikono muda mrefu. Halafu mgeni akaandika anwani yake kwenye kadi na kusema maneno ambayo wengi waliyasema: ukifika kwetu, nyumba yangu ni yako.

Kadi hizi ndizo zilizotuponza. Papa alizibandika kwenye ubao, kila moja nyuma ya ndoano ya chumba cha mgeni aliyeiacha. Hakuziona kama kumbukumbu. Kule Kivu alikotoka, mtu akikwambia mbele ya watu kwamba nyumba yake ni yako, amefungua mlango, na siku ukibisha hatauliza wewe ni nani. Hoteli ilipouzwa na milango ikawekewa namba za kubonyeza, mwenye hoteli mpya alimuuliza anataka zawadi gani ya kustaafu. Akaomba ubao. Aliubeba kwa basi la Chaussée d'Ixelles hadi kwake ghorofa ya tatu, akautundika sebuleni juu ya televisheni, funguo hakuna, kadi kumi na nane zipo.

Papa alikuwa na dada yake mkubwa Marekani. Walitenganishwa mpakani na vita, kila mmoja akakimbilia upande wake, na baada ya miaka ya kambi dada alipelekwa mji mmoja baridi wa katikati ya Marekani pamoja na bintiye. Tangu siku ya mpakani hawakuonana tena. Kila Jumapili baada ya misa waliongea kwa simu, na kwa jinsi walivyogombana ungedhani wanaishi nyumba moja. Mwaka jana figo za dada zilianza kukata tamaa. Binti, anayefanya kazi ya kukatakata kuku kiwandani, alimwambia mjomba wake ukweli kama alivyoambiwa na madaktari: miezi, si miaka. Dada akaanza kuuliza swali moja kila Jumapili, utakuja lini. Papa akajibu kila Jumapili, natafuta barua.

Barua hiyo lazima niieleze, kwa sababu kila kitu kimeanguka hapo. Mkongo wa Brussels akitaka ndugu yake aje kumtembelea, anakwenda manispaa na kusaini karatasi inayoitwa prise en charge. Anaahidi kwamba mgeni atakula kwake, atalala kwake, na ataondoka, na anathibitisha kwamba mshahara wake unaweza kubeba ahadi hiyo. Papa alishasaini karatasi hizo kwa wapwa, kwa binamu, kwa padre mmoja aliyemlia chakula wiki sita. Kwake dunia yote iliendeshwa hivyo. Mtu hasafiri, mtu anapokelewa, na anayepokea lazima awe na nyumba na jina. Dada yake alikuwa kitandani. Mshahara wa kukata kuku haungemshawishi karani yeyote. Kwa hiyo alihitaji Mmarekani mwenyewe, na Wamarekani alikuwa nao kumi na nane ukutani.

Mimi, msomi, sikuuliza kama Marekani nao wana utaratibu huo. Ingenichukua dakika kumi. Nilikuwa nafikiria Kiingereza changu.

Tulikaa mezani kwake alasiri tatu mfululizo, yeye akisema, mimi nikiandika. Au tuseme yeye akisema, mimi nikifuta.

"Andika: chumba saba. Mulikuya na mutoto mwenye aliogopa lift. Nilimupandisha kwa mugongo. Sasa iko na miaka ngapi?"

Nikamwambia, Papa, barua rasmi haianzi na mgongo.

"Bon. Chumba kumi na tano. Donc, ule maman alisahau meno yake kwa glasi, nikakimbia nayo mpaka gare. Andika meno, atakumbuka."

Sikuandika meno. Nilimweleza kwamba Mmarekani anapenda mtu anayekwenda moja kwa moja kwenye hoja, jambo nililofundishwa chuoni na Mwingereza. Akanitazama, akatazama ubao, akasema weye ndiye mwenye diplôme. Nikaandika kwamba natumaini ujumbe huu utamkuta msomaji katika afya njema. Kwamba huenda akashangaa kuupokea kutoka kwa mtu ambaye hamkumbuki vizuri. Kwamba namwandikia kwa jambo la dharura na la kifamilia, kuhusu dada mgonjwa, na namwomba kwa unyenyekevu saini yake na uthibitisho wa mapato yake. Niliipenda sana aya ya pili. Niliisoma kwa sauti mara mbili.

Msomaji ameshanizidi akili hapo. Barua ya namna hiyo, kutoka kwa Mwafrika, kwa Kiingereza kilichonyooshwa hivyo, kila Mmarekani ameipokea mara mia, na kila mara ni ya tapeli. Nilichukua mtu aliyebeba watoto wao mgongoni na kukimbia na meno yao stesheni, nikamgeuza kuwa mwizi wa mtandaoni, kwa sarufi safi.

Zilikwenda kumi na saba, nyingine kwa barua pepe, nyingine kwa posta, zote na anwani yangu ili nishughulikie majibu. Majibu yalikuwa matatu. Mmoja alinishukuru kwa kumchekesha, akasema ameshawahi kupata nzuri zaidi kutoka kwa mwana wa mfalme. Mwingine alikuwa binti wa yule mama wa meno. Aliandika mistari miwili: mama amefariki, na nione aibu kutumia majina ya marehemu. Wa tatu alikuwa mwema, alimwombea dada apone, akaongeza kwamba siku hizi hawapendi kutia saini kitu chochote. Waliobaki walinyamaza, na siwalaumu. Ningekuwa wao ningenyamaza pia, na ningejisifu kwa kutodanganywa.

Papa aliuliza kila wiki. Nilimwambia posta ya Marekani ni nchi kubwa. Nilimwambia wanakusalimu. Ndiyo, nilisema hivyo. Wanakusalimu, Papa, wanalishughulikia.

Barua ya kumi na nane sikuiandika. Kadi ya chumba cha kumi na moja ilikuwa na wino uliofifia, nikasema tuiache. Papa hakubisha. Kumbe nilipoondoka alichukua moja ya karatasi za zamani zenye kichwa cha hoteli na kuandika mwenyewe, kwa herufi kubwa za fomu za wageni. Hakuniambia. Ilichelewa kufika, kwa sababu yule mwalimu alikuwa amehama, na jirani aliihifadhi.

Dada yake alifariki mwezi wa tisa, asubuhi ya Jumapili, saa ambayo kwa kawaida wangekuwa wanagombana kwa simu. Matanga tuliyafanyia kwenye ukumbi wa parokia hapa Ixelles, bila mwili, bila kaburi, picha tu iliyokuzwa kutoka kwenye simu. Wafiwa hukaa, watu huwajia. Yeye alisimama mlangoni saa zote, akipokea makoti, akimwonyesha kila maman kiti chake, akimuuliza mjomba, tonton fulani, kama amepata chai. Mtu mmoja alinong'ona kwamba Papa hajalia. Mimi niliona alinyoa mara mbili.

Siku tisa baadaye alinipigia simu. Kuna barua imekuja kutoka Amerika, akasema, njoo unisomee.

Nilimkuta amekaa chini ya ubao, miwani yake imekunjwa mezani, chai tayari. Bahasha ilikuwa imefunguliwa vizuri kwa kisu. Nikafikiri, masikini, ameifungua akaona herufi tu. Zilikuwa kurasa nne za mkono wa mwalimu mstaafu. Nikaanza kumtafsiria kwa Kiswahili. Alimpa pole nyingi kwa ugonjwa wa dada, akaomba radhi kwa kuchelewa, akaeleza kuhama kwake. Alikumbuka chumba cha kumi na moja, alikumbuka theluji, alisema katika safari ile yote alipokelewa vizuri mahali pamoja tu, na ni pale alipokuwa mwongo. Alikuwa ametafuta mji wa dada kwenye ramani, ni saa nne kwa gari, angempeleka mwenyewe. Kitanda kipo.

Kisha, juu ya ukurasa wa tatu, aliandika kwamba ameulizia. Ameambiwa barua yake haihitajiki, wala ya mtu mwingine yeyote. Mwombaji anajaza fomu mwenyewe, anaomba siku ya mahojiano, anajibu maswali. Rafiki yangu, aliandika, kwa nini ulisubiri?

Labda wangemkatalia. Siku hizi wanakataa wengi, na pasipoti yake haikuwa ya kupendwa. Lakini kukataliwa ni jibu, angalau angelisema mwenyewe kwa dada yake Jumapili, badala ya kusema natafuta barua. Miezi saba alikaa mbele ya mlango akisubiri ruhusa ya kubisha, na mimi nilikaa naye nikisahihisha nukta na mikato.

Sentensi ile niliiona yote kwa mara moja, kama unavyoona gari linalokujia. Nikageuza ukurasa. Nikaendelea na wa nne, ambao ulikuwa salamu na jina la mbwa.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, Papa."

"Yote?"

"Yote. Anakupa pole sana. Anasema kitanda kipo."

Akatikisa kichwa taratibu. Nilipokuwa nazikunja kurasa zirudi kwenye bahasha, nikaona pembeni mwa mstari niliouruka alama ndogo ya penseli. Niliijua. Ni ile aliyotia kwenye fomu miaka ishirini na kitu, akishalinganisha jina na pasipoti na kuridhika kwamba sasa anajua aliye mbele yake ni nani. Miaka yote ile alikuwa amesimama kwenye mapokezi, akisoma pasipoti za Wamarekani, kadi za Wamarekani, malalamiko ya Wamarekani, na makala yangu yenye kosa la Japani, na mimi nilikuwa nimeamua kwamba hajui kusoma Kiingereza.

Alivuta kikombe changu, akanimiminia chai, akatia sukari mbili bila kuniuliza kwa kuwa anajua. Akakigeuza kikombe ili mshikio wake uelekee upande wangu, kama alivyofanya kwa wageni. Halafu akazungumza, si kwa Kiswahili wala Kifaransa, bali kwa Kiingereza kile cha kaunta, cha heshima kubwa, ambacho hakuwahi kunisemesha hata siku moja.

Aliniuliza, na kwenu Kanada, theluji imeanza?

Nikamjibu bado. Labda wiki ijayo.